Kiingereza Tulichojifunza Tukichambua Pamba

Walimu vijana wa shule yetu, siku mliponiaga mlinipa kiti cha uvivu, mkaniomba niandike machache juu ya kazi. Kiti nimekikalia hadi mke wangu ameanza kukitazama kwa jicho baya, kwa hiyo naona ni heri nishike kalamu. Habari za kupandishwa daraja na za mishahara siziandiki. Hizo zimo katika mafaili ya ofisi, na mwenye hamu nazo awahi kabla mchwa hawajazimaliza. Nitaandika juu ya jambo moja lililonichukua miaka mingi na kunipa furaha nyingi: kumfundisha mtoto aulize swali kwa Kiingereza mbele ya wenzake, ajibu la mwenzake, na abishane naye kwa hoja bila kugombana.

Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo. Baba yangu alikuwa katekista, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshika maswali yote ya katekisimu pamoja na majibu yake. Baba aliuliza, sisi watoto tukajibu kwa sauti moja, hata kuku wa nyumbani walizoea. Namshukuru Mungu kwa malezi hayo, maana imani yangu imesimama juu yake hadi leo. Lakini yaliniacha nikidhani kwamba kila swali duniani lina jibu moja, na kwamba jibu hilo limeshaandikwa mahali. Nilipotoka chuo cha ualimu nilifundisha hivyo hivyo, kusoma na kuandika, katika shule ndogo za misioni, mpaka miaka ya vita kuu ya pili nilipopelekwa upande wa Geita kufundisha Kiingereza.

Shule hiyo ilikuwa karibu na machimbo ya dhahabu. Watoto walikuwa wa wafanyakazi waliotoka kila upande: Wahaya, Wanyamwezi, Wamanyema, Wanyakyusa, Waislamu na Wakristo dawati moja. Asubuhi ya kwanza nilinyanyua kitabu, nikasema kwa Kiingereza, "Hiki ni kitabu." Wakarudia. Nikanyanyua kalamu. Wakarudia. Nilipokuwa nikitafuta kitu cha tatu cha kunyanyua, mtoto mmoja wa mbele aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, "kama sote tunaona kwamba ni kitabu, kwa nini tunaambiana?"

Darasa likacheka. Mimi nikasema, "Rudieni," na tukaendelea.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa Mwalimu Saidi, mtu wa Tabora, Mwislamu safi, mwenye kanzu iliyonyooka kuliko rula zetu. Alikuwa amepita dirishani. Wakati wa mapumziko alinijia.

"Baba Anastazia, yule mtoto amekuuliza swali."

"Ameniletea ujeuri, mwalimu mkuu."

"Ujeuri huo huo ukisemwa kwa Kiingereza kizuri, Waingereza wenyewe wanauita elimu."

Tangu siku hiyo akawa anakuja kukaa nyuma ya darasa langu, kimya, mikono mapajani. Hakunisema mbele ya watoto hata mara moja, na hilo nanyi mlishike. Mwisho wa juma aliniambia, "Unauliza vizuri. Tatizo lako unajibu mwenyewe kabla mtoto hajameza mate. Unamwogopa nani?"

"Naogopa kile kimya," nilisema.

"Nyinyi Wakatoliki si mna Salamu Maria? Ukishauliza, isome yote moyoni, polepole, ndipo ufungue mdomo. Kukiwa bado kimya, isome tena. Wewe utapata thawabu na mtoto atapata nafasi."

Ndivyo Mwislamu alivyonifundisha mimi Mkristo kusali darasani. Nimeifuata njia hiyo maisha yangu yote ya kazi, na sijui nyingine iliyo bora ya kupima muda. Saa huharibika.

Mwalimu Saidi ndiye pia aliyenionyesha kuwapa watoto maneno ya kushikia. Mtu asiyejua lugha hawezi kubishana kwa sababu anakosa pa kuanzia, kama anayetaka kupanda mti usio na tawi la chini. Tulikata makasha ya sabuni, tukaandika juu yake kwa herufi kubwa, tukatundika ukutani. Nayaandika hapa kwa Kiswahili; kwa Kiingereza mnayajua, na msipoyajua, ole wenu. Moja lilisema: Naomba kuuliza. Jingine: Nipe mfano. Jingine: Nakubaliana nawe katika hili, lakini si katika lile. Na fupi kuliko yote: Unajuaje?

Watoto wa machimboni walilipenda hilo la mwisho kupita kiasi. Baba mmoja alinijia amekasirika. "Mwalimu, nimemwambia mwanangu kuna fisi nje. Ananiambia kwa Kiingereza, unajuaje?"

"Ukamjibuje, mzee?"

"Nikamwambia toka ukaone. Hakutoka."

"Basi nyote wawili mmejifunza," nilisema, na akaondoka akicheka.

Baada ya vita nilihamishiwa upande wa Shinyanga, katika shule ya kati iliyo njia ya kwenda Kishapu, nchi kavu ya pamba na ng'ombe. Nilifika na makasha yangu ya sabuni chini ya kwapa, nikijiona mtaalamu. Nikayatundika. Nikauliza swali langu la kwanza. Nikasoma Salamu Maria moja, mbili, nikafika nusu ya rozari. Hakuna aliyefungua mdomo.

Hawakuwa wajinga. Insha zao zilikuwa safi, bora kuliko za Geita. Lakini mtoto wa Kisukuma aliyelelewa vema hamuulizi mzee maswali. Mzee akimuuliza, anajibu kwa ufupi, macho chini. Na kujibu peke yako wakati wenzako wameshindwa ni kuwavua nguo hadharani. Kwa hiyo walitazamana pembeni, na kama walijibu, walijibu wote pamoja au wasijibu kabisa. Nilipowalazimisha kuuliza, waliuliza kitu ambacho jibu lake wanalijua, maana mtu hawezi kukosa adabu kwa kuuliza kinachojulikana. "Mwalimu, jina lako ni nani?" Kufika Ijumaa nilikuwa nimeulizwa jina langu na darasa zima. Nilimjibu kila mmoja. Jina langu halijapata kujulikana vizuri namna ile.

Nikabuni dawa. Kila mtoto nilimpa karanga chache, nikaweka kopo mezani: ukiuliza au ukijibu, unatumbukiza karanga moja, kipindi kikiisha mikono iwe mitupu. Kipindi kilipoisha mikono ilikuwa mitupu kweli, na kopo pia. Ulikuwa mwezi wa njaa. Nikabadilisha, nikawapa mbegu za pamba, ambazo hazina mlaji. Hapo alisimama kijana mmoja aitwaye Masunga, mrefu, mchunga ng'ombe wa baba yake kila likizo, mwenye uso wa mtu anayeficha kicheko. Akasema kwa Kiingereza, "Nakubali. Nakubali. Nakubali. Nakubali," kila neno na mbegu yake koponi, akaketi. Nilitaka kumkemea lakini nilishindwa kwa kucheka. Sheria haikusema lazima kuwe na kitu cha kukubali.

Mwanafunzi aliyenipa kazi kubwa kuliko wote alikuwa Kabula, binti wa Mzee Jilala. Wasichana darasani walikuwa wachache, na yeye aliandika insha ambazo mimi mwenyewe nilizisoma mara mbili, mara ya pili kwa raha tu. Lakini nikimwita kwa jina anyanyuke aseme, alikuwa anapiga magoti kama wasichana wa kwao wanavyofanya mbele ya mkubwa. Dawati likamficha. Sauti ikatoka chini kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

"Kabula, simama mwanangu, tukusikie."

"Ndiyo, mwalimu," ilisema sauti, bado kisimani.

Sikumlazimisha. Kupiga magoti kule kulikuwa kazi ya mama yake ya miaka mingi, na sikuona haki ya kubomoa kwa muhula mmoja nisichokijenga mimi. Lakini nilifadhaika, kwa sababu muda ulikuwa unatuishia.

Shule yetu iliishia darasa la saba. Padre msimamizi wa shule alikuwa ameomba ruhusa tufungue la nane, na jibu lilikuwa kwamba mkaguzi atakuja mwenyewe baada ya mavuno. Hataki kusikia watoto wakikariri. Anataka kuwasikia wakijadiliana kwa Kiingereza, mmoja akiuliza, mwingine akijibu. Wakiweza, la nane litafunguliwa. Wasipoweza, wote watarudi nyumbani mwisho wa mwaka. Wavulana tungeweza kuwatafutia vitanda katika shule za mbali. Kwa wasichana hakukuwa na kitanda popote.

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Jilala kumweleza. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye boma pana, mchache wa maneno. Tulisalimiana kwa Kisukuma kama inavyopasa, mwangaluka, kisha mhola, yaani hali, ya nyumba, ya watoto, ya mifugo, kisha akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, mimi sina neno na shule," alisema. "Shule ikiwapo hapa, mtoto atasoma. Isipokuwapo, kuna watu wamekuja hapa na habari ya ng'ombe wa mahari. Itabidi niwajibu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anavyosema kwamba mvua isiponyesha hatapanda. Kabula alipita uani na mtungi wa maji kichwani, akatusikia, wala hakugeuka. Njiani nilisali rozari nzima, na sikuwa nikipima muda.

Sasa nifike kwenye pamba. Kama mjuavyo, shule ya kati ina shamba lake. Mwaka ule pamba ilikuja vizuri, ikajaa ghalani, nayo lazima ichambuliwe: nyeupe isiyo na doa ni safi, yenye doa au majani ni fifi, na ole wako ukizichanganya mbele ya mnunuzi. Siku ya soko ikasogezwa mbele. Mwalimu wa kilimo alikuwa kitandani na homa, na mwalimu mkuu wa shule hii akasema kila kipindi kitolewe kwa ajili ya pamba. Nilikataa kutoa kipindi changu. Tukabishana kidogo, mwisho tukapatana: pamba itachambuliwa, lakini kwa Kiingereza.

Basi tukaketi ghalani chini, juu ya magunia, tumeizunguka ile pamba kama watu wanaokula sinia moja. Safi huku, fifi kule. Nikatoa mada: je, kaya iliyokosa mikono ya kutosha ilime pamba au ilime mtama? Nikaanza Salamu Maria yangu bila matumaini makubwa. Sikufika mwisho.

"Masunga," ilisema sauti kwa Kiingereza, "unajuaje kwamba hiyo ni safi?"

Alikuwa Kabula. Hakuinua macho, na vidole vyake havikusimama. Masunga alikuwa ametupa tonge la pamba upande wa safi.

"Naiona," alijibu Masunga.

"Mimi naona doa."

"Doa dogo."

"Nipe mfano wa doa kubwa."

Masunga akatafuta, akanyanyua jingine. "Hili."

"Na katikati ya hayo mawili, linaanza kuwa kubwa wapi?"

Mikono yangu ilisimama. Hilo lilikuwa swali la kweli, ambalo hata wenye vitabu vingi hawajalimaliza. Darasa zima likaingia. Mmoja alisema mnunuzi ndiye anayeamua. Mwingine akasema, "Nakubaliana nawe katika hili, lakini mnunuzi akiwa mwongo je?" Mada yangu ya mtama hakuna aliyeikumbuka, na mimi sikuikumbusha.

Niliporudi nyumbani nilifikiri nini kimetokea. Hakuna aliyepiga magoti, maana wote tulikuwa chini tayari. Hakuna aliyemtazama mzee usoni, maana macho yote yalikuwa kwenye pamba. Hakuna aliyewaaibisha wenzake, maana mikono yote ilikuwa kazi moja. Nchi ile watu wakilima pamoja au wakipukuchua pamoja, maneno ni huru. Kijana anamtania hata mkwewe, na mkwe anamrudishia. Lakini wakiketi baraza, wakubwa mbele na wadogo nyuma, kila mdomo unajua mpaka wake. Mimi kila siku nilikuwa nikiwaketisha baraza, kisha nikishangaa kimya.

Tangu hapo majadiliano yetu yalikuwa ya kazini. Pamba ilipopungua tulisokota kamba za katani. Tulipukuchua karanga pia, nazo ziliendelea kupotea, nikakubali kwamba elimu ina gharama. Makasha ya sabuni niliyahamishia ghalani. Niliweka sheria mbili tu. Kabla hujauliza lako, jibu uliloulizwa. Na kabla hujampinga mwenzako, rudia alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Masunga aliigeuza hii ya pili kuwa ngome yake. Akiona anashindwa husema, "Sivyo nilivyosema," hata kama ndivyo, ili apate muda wa kufikiri. Makosa ya Kiingereza niliyaacha yapite, nikayarekebisha kesho yake ubaoni bila kutaja ya nani. Mtoto anayekimbia usimsimamishe ili umfunge kamba ya kiatu, hasa kama hana viatu.

Wapo wazee walioniuliza kama nawafundisha watoto kukosa adabu. Niliwajibu kwamba Bwana wetu mwenyewe alipokuwa mtoto alikutwa ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza, na mama yake hakumkatazia maswali. Alichomgombeza ni kupotea bila kuaga.

Mkaguzi akaja, yeye na Padre katika gari moja, wote wamebadilika rangi kwa vumbi. Alikuwa mzungu mrefu, wa soksi zilizovutwa hadi magotini, na hakuwa mtu wa kutabasamu bila sababu. Padre alitaka watoto wakutwe madawatini, nguo safi, migongo imenyooka. Nikatii. Mkaguzi akawauliza jambo zuri kuhusu kazi za raia mwema. Kimya. Akaliuliza kwa maneno mepesi zaidi. Kimya. Nilimtazama Kabula, na nikaona kichwa chake kinaanza kushuka nyuma ya dawati.

"Basi niulizeni nyinyi," alisema mkaguzi. "Chochote."

Masunga akasimama, Mungu ambariki, akitaka kuliokoa darasa. "Bwana, jina lako ni nani?"

Mkaguzi akamjibu. Masunga akashukuru, akaketi. Mkaguzi akafunua kifuniko cha saa yake ya mfukoni. Nilisoma Salamu Maria, na katikati yake nikajikuta nimesimama.

"Bwana mkaguzi," nilisema, "darasa langu haliko hapa. Liko ghalani."

Padre alinitazama kama mtu anayejiuliza jua limenipiga tangu lini. Lakini mkaguzi alikuwa ameshanyanyuka.

Ghalani watoto waliketi mahali pao. Mkaguzi akaletewa kigoda, akajikuta juu ya watu wote, na kimya kikaanza kurudi. Alitazama huku na huku, akakisogeza kigoda pembeni, akaketi kwenye gunia karibu na Kabula, magoti yakimfikia kidevuni. Nikamwekea pamba mbele yake. "Safi huku, bwana. Fifi kule." Akaanza, vibaya sana.

Kwa desturi ya pale, mgeni akiketi nanyi kazini hamwezi kuanza neno lolote kabla hajajuliwa hali, na aliye karibu naye ndiye mwenye wajibu. Kabula akaanza kwa Kiingereza, macho kwenye pamba.

"Umeamkaje, bwana?"

"Vizuri, asante."

"Na watoto?"

"Wako Ulaya. Wazima."

"Na mama yao?"

"Mzima."

"Na mvua ya kwenu?"

"Nyingi mno," alisema mkaguzi, na darasa likaguna kwa wivu.

"Na ng'ombe?"

"Sina ng'ombe."

Mikono yote ikasimama.

"Hata mmoja?" aliuliza Masunga.

"Hata mmoja."

Kabula aliweka pamba yake chini. "Walikufa kwa ugonjwa, bwana?"

"Hapana. Sijapata kuwa nao."

"Pole, bwana," lilisema darasa zima, kwa sauti moja. Hilo ndilo jibu pekee walilolitoa kwa pamoja siku ile, na lilitoka moyoni. Mtu mzima, mwenye kazi, mwenye gari, na hana hata ndama! Wakarudi kwenye pamba kwa huruma, wakimwangalia kwa pembe za macho.

"Naomba kuuliza," alisema Kabula baada ya muda. "Baba zetu wanaambiwa wapunguze ng'ombe. Wanaowaambia hivyo wana ng'ombe, au wako kama wewe?"

Nilifumba macho. Mwaka ule neno la serikali la kupunguza ng'ombe lilikuwa kama kaa la moto katika nchi ile. Watu wazima walilisema kwa kunong'ona. Padre alikohoa kikohozi kirefu. Kama mkaguzi angekuwa mtu wa hasira, darasa la nane lingezikwa pale pale kwenye pamba, na Kabula pamoja nalo.

Mkaguzi alichambua matonge kadhaa kabla ya kujibu. "Nadhani wengi wako kama mimi," alisema. "Lakini nami niulize. Daktari anayetibu malaria, lazima awe na malaria?"

Darasa likasisimka kama kundi lililonusa maji. Masunga alifungua mdomo, lakini Kabula alimtangulia.

"Umesema mtu anaweza kukijua kitu asichokuwa nacho. Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

"Nakubaliana nawe katika hilo. Lakini daktari kwanza humuuliza mgonjwa panapouma. Baba zetu waliulizwa na nani?"

Aliyejibu alikuwa Masunga. "Kabula, mimi sikubaliani nawe. Majani yamekwisha. Ng'ombe ni wengi kuliko majani."

"Unajuaje?"

"Si mimi ninayewachunga!"

Kicheko kilipasuka hadi mkaguzi mwenyewe akacheka, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Walibishana juu ya majani, visima, mahari, na kama mtu asiye na ng'ombe anaweza kuoa. Mkaguzi akasema yeye alioa, wakamtaka atoe mfano wa jinsi alivyofanya. Aliuliza, wakamjibu. Walimuuliza, akajibu, mara mbili akasema hajui. Kwa Kiingereza chenye makosa mengi, namshukuru Mungu kwa kila moja. Wakati mmoja Masunga alinyoosha kidole. "Bwana, hiyo uliyoweka huku ni fifi."

"Unajuaje?" aliuliza mkaguzi, akamgeukia Kabula kuona kama amelitamka vizuri.

Alitoka ghalani soksi zimejaa pamba hadi juu, Padre akimpangusa kwa nyuma. Kwenye gari alinipa mkono. "Mwalimu," alisema, "nimekagua shule nyingi. Leo nimekaguliwa." Juu ya darasa la nane hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza. Ndiyo, mimi, mwalimu wa kuuliza.

Tulingoja. Watoto waliniambia kwamba wale watu wa ng'ombe wameonekana tena kwa Mzee Jilala, na kwamba safari hii wamekuja na shangazi zao, jambo linaloonyesha nia. Kabula aliendelea kuja shuleni, kila siku mapema kuliko wenzake, akasokota kamba kama kawaida. Nami sikumwambia neno la faraja ambalo sikuwa na hakika nalo.

Siku moja Padre aliingia uwanjani na pikipiki yake kwa mwendo usiofaa kwa padre. Hakuizima. Alipiga kelele kutoka pale pale juu: "Chimbeni msingi!"

Hatukuhitaji zaidi. Watoto walikimbilia majembe bila kuambiwa wapi pa kuchimba, wakachimba mahali pasipofaa, tukaja kufukia baadaye. Masunga alicheza ndani ya mtaro hadi ukaporomoka. Kabula alilia, akacheka, akapiga magoti mbele yangu kunishukuru, nami sikumwambia asimame. Wakati ule magoti yalikuwa mahali pake.

Lakini jibu lenyewe lilikuwa bado kwa baba yake. Mzee Jilala alikuja kesho yake asubuhi, peke yake. Tulisalimiana hadi kwa ng'ombe na kupita. Miaka yote niliyomjua alikuwa ananiambia mambo, hakuwahi kuniuliza. Aliketi, akaweka fimbo yake kati ya miguu.

"Mwalimu, huko darasa la nane wasichana watasoma nini?"

Nikamweleza.

"Na baada ya la nane kuna nini?"

"Kuna chuo cha ualimu cha Masista, mzee. Akifaulu."

"Ni mbali?"

"Ni mbali."

"Aliyetoka huko hurudi kufundisha huku kwetu?"

"Akipenda, na ukipenda."

"Naye atawafundisha watoto kuuliza hivi wanavyouliza hawa?"

"Ndiyo, mzee. Sitakudanganya."

Akatikisa kichwa polepole, na nikaona midomo yake inapigana na tabasamu. "Wale watu wa ng'ombe walikuwa kwangu jana jioni. Nikawauliza neno moja tu. Nikawaambia, huyu binti mkishamwoa, siku akitaka kusoma, nani kwenu atamsomesha? Wakatazamana. Wakasema wanakwenda kufikiri." Alinyanyuka, akachukua fimbo yake. "Basi, mwalimu, mwache asome wakati wao wanafikiri."

Kabula sasa anafundisha darasa la tano, si mbali na hapa nilipoketi, na darasa lake husikika kabla hujaliona. Wale watu, kwa nijuavyo mimi, bado wanafikiri.